Mnyororo Mpya Unaoruka: Uchambuzi wa Kisa cha Baiskeli ya Milimani Kutoka Lushoto

Kisa hiki kinahusu baiskeli moja ya milimani inayotumika kutembeza wageni katika Milima ya Usambara Magharibi, pamoja na lalamiko ambalo kila fundi wa baiskeli za gia amelisikia: mnyororo umebadilishwa, umefungwa mpya kabisa, na sasa unaruka, ilhali ule uliotolewa haukuwa unaruka. Mwenye baiskeli ni kijana anayeongoza wageni kutoka mjini Lushoto kwenda Irente, msitu wa Magamba na, kwa safari ndefu, hadi Mtae. Alikuwa amekwisha kununua minyororo miwili kwa kufuatana akiamini kwamba wa kwanza ulikuwa feki, na alipoileta baiskeli kwangu alichotaka ni kuuziwa wa tatu, ulio bora zaidi. Sikumuuzia. Nakieleza kisa chake kwa urefu, kwa ridhaa yake, kwa sababu fedha zake zilipotea kwa njia ambayo mtu makini kabisa anaweza kuzipoteza: alikishughulikia kifaa kilichopiga kelele, akakiacha kile kilichozisababisha kelele hizo.

Baiskeli yenyewe ina fremu ya alumini, shokapu za mbele tu, magurudumu ya inchi 26, breki za diski za mafuta, sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo) mbili mbele zenye meno 38 na 24, na kaseti, yaani fungu la sproketi za nyuma, ya gia 10 ambayo sproketi yake ndogo ina meno 11 na kubwa ina meno 36. Iliingia nchini ikiwa mtumba. Barabara ya lami kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 na hupanda karibu mita 1,000, lakini sehemu kubwa ya kazi ya baiskeli hii iko juu ya mji, kwenye njia za udongo mwekundu ambazo wakati wa kiangazi hutoa vumbi laini linalopenya kila mahali, na wakati wa masika hugeuka tope zito linalonata kwenye kila kiungo. Katika matumizi ya aina hiyo mnyororo huisha mapema kuliko wengi wanavyodhani, na huisha kimyakimya, bila kukatika na bila kuonyesha dalili yoyote kwa mtu anayeutazama kwa macho tu.

Nilimwomba aache kwanza kunitajia kifaa alichokishuku, anieleze tu ni wapi na ni wakati gani mnyororo unaruka. Majibu yake yalikuwa mazuri sana, na yalitufikisha nusu ya njia. Mnyororo hauruki kwenye tambarare. Hauruki baiskeli ikiwa imening'inizwa na pedali zikizungushwa kwa mkono. Unaruka anapopanda mlima, hasa akisimama kwenye pedali, na unaruka katika gia za katikati za nyuma. Akihamia kwenye sproketi kubwa za mwisho hali inatulia. Ukisharuka unarudi kwenye sproketi ileile, hauhamii kwa jirani yake. Goti lake lilikuwa limegonga usukani zaidi ya mara moja, na alikuwa ameanguka mbele ya mgeni aliyekuwa akimfuata kwenye mpando wa Magamba, jambo ambalo kwa mwongozaji ni hasara kubwa kuliko bei ya kifaa chochote.

Kuruka kwa mnyororo kuna vyanzo vingi, na kila kimoja kina alama zake. Waya wa gia uliolegea, au kishikio cha direla (kifaa cha nyuma kinachouhamisha mnyororo kati ya gia) kilichopinda baada ya baiskeli kuangukia upande wa kulia, huleta mlio wa kukwaruza na kuufanya mnyororo utangetange kati ya sproketi mbili zilizo jirani, hata pasipo mzigo. Pingili moja iliyokaza huleta mshtuko unaojirudia kila mnyororo unapomaliza mzunguko wake, katika gia yoyote ile. Vikucha vya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma vikishindwa kushika, pedali hutumbukia ghafla katika gia zote huku mnyororo ukiwa umetulia juu ya meno. Mnyororo usiolingana na idadi ya gia nao huleta fujo: wa gia 10 una upana wa nje wa karibu milimita 5.9, ilhali wa gia 8 hufika takriban milimita 7.1, kwa hiyo huo mpana hugusana na sproketi ya pembeni. Kinachobaki ni meno yaliyolika, na alama zake ndizo hasa alizozitaja kijana: kuruka chini ya mzigo tu, katika sproketi fulani tu, na kurudi palepale.

Hata hivyo maelezo ya mwenye chombo hayatoshi kuamulia matumizi ya fedha yake, kwa hiyo tulipima. Kishikio cha direla kilikuwa kimenyooka, waya ulikuwa unateleza vizuri ndani ya ganda lake, hapakuwa na pingili iliyokaza, na minyororo yote miwili aliyoinunua ilikuwa ya gia 10. Hayo yalichukua muda mfupi. Kilichohitaji utulivu zaidi ni kupima minyororo yenyewe, na hapa tulikuwa na bahati, kwa sababu ule wa zamani kabisa hakuwa ameutupa. Alikuwa anafungia lango la banda la mbuzi nyumbani kwao. Nilimtuma aulete.

Kuupima mnyororo hakuhitaji kifaa maalumu, ingawa kipo na ni cha bei nafuu. Kinachohitajika ni rula ya chuma. Umbali kutoka pini moja hadi inayofuata katika mnyororo mpya wa baiskeli ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kiwango hiki ni kilekile kwa baiskeli ya gia moja ya kubebea maziwa na kwa baiskeli ya mashindano. Ukihesabu nafasi 24 kati ya pini na pini, ukivuta mnyororo kidogo ili usilegee, unapaswa kupata inchi 12 kamili, ambazo ni milimita 304.8. Kila nusu ya asilimia ya uchakavu huongeza karibu milimita 1.5 katika urefu huo. Kwa minyororo ya gia 10 kikomo kinachokubalika na mafundi wengi ni asilimia 0.75, ambayo kwenye rula huonekana kama milimita 307. Kwa minyororo ya gia 11 na 12 kikomo ni asilimia 0.5, yaani milimita 306 na ushee kidogo. Minyororo miwili mipya ilisoma takriban 305. Ule uliotoka kwenye lango la mbuzi, baada ya kuoshwa kwa mafuta ya taa, ulisoma 308.

Milimita tatu ni kitu kidogo mtu akikitazama mezani, lakini ndizo zilizoila kaseti. Wengi husema mnyororo "umevutika", wakidhani chuma kimenyooka kama mpira, na kwa sababu hiyo huamini kwamba chuma kizuri hakivutiki. Bamba za pembeni hazirefuki hata kidogo. Kinacholika ni pini na sehemu ya bamba la ndani inayozunguka juu ya pini hiyo. Kila kiungo hupata ulegevu mdogo, na ulegevu wa viungo vyote ukijumlishwa mnyororo mzima huwa mrefu. Mnyororo ulioongezeka hivyo hauketi tena kwenye mabonde ya sproketi kama ulivyokusudiwa. Rola zake, yaani vigurudumu vidogo vinavyozunguka juu ya pini, hupanda juu kwenye meno, mzigo wote huangukia meno machache badala ya kugawanyika, na meno hayo huanza kulika upande mmoja hadi yanapata ncha iliyopinda kama ndoano. Kwa muda mrefu viwili hivyo huendelea kulika pamoja na kupatana, ndiyo maana mnyororo wa zamani ulikuwa hauruki. Ukifunga mpya, wenye nafasi za milimita 12.7 kamili, rola zake hukutana na mabonde yaliyochimbwa na mnyororo mrefu kuliko wenyewe. Pasipo mzigo hukaa, lakini mguu ukikandamiza pedali, rola hupanda mgongo wa jino na kuruka.

Tulipoiosha kaseti na kuitazama sproketi moja moja, picha ilikuwa wazi. Zenye meno 15, 17 na 19 zilikuwa zimelika vibaya, ya 21 ilikuwa njiani, na zile kubwa za meno 28, 32 na 36 zilikuwa bado na umbo zuri. Sproketi kubwa hushikwa na rola nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mzigo hugawanyika, na kijana huyu huzitumia kwa muda mfupi tu penye mwinuko mkali. Hizo za katikati ndizo anazoshinda nazo kutwa.

Mbele nako kulikuwa na jambo. Sproketi ndogo ya meno 24 ilikuwa imelika kuliko ile ya 38, na kwenye fremu, nyuma kidogo ya krenki (mikono ya pedali na mhimili wake), rangi ilikuwa imechunwa hadi alumini ikaonekana. Alama hiyo huachwa na mnyororo unaogoma kuachana na meno ya chini ya sproketi ya mbele. Huvutwa juu na kubanwa kati ya sproketi na fremu, na mwendeshaji husimama ghafla bila kujua kilichomshika. Sproketi ndogo ya mbele huchakaa haraka kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja: meno yake ni machache, na kwa nguvu ileile ya mguu mnyororo hukazwa zaidi ukiwa juu yake kuliko ukiwa juu ya sproketi kubwa. Kijana alikuwa ameuona mkwaruzo huo siku nyingi, akadhani ni wa mawe.

Swali la kwa nini mnyororo ulifika milimita 308 lilijibiwa na chupa aliyokuwa nayo mkobani. Alikuwa anapaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Ni desturi iliyoenea sana kwa sababu oili hiyo hupatikana bure, nami naipinga kwa nguvu zangu zote. Imejaa chembe za chuma na masizi, ni nzito mno kupenya ndani ya rola ambako pini hulika, na ikibaki nje ya bamba hukamata vumbi jekundu na kuligeuza kuwa uji unaosaga kila kinachopita ndani yake. Mafuta ya cherehani, ingawa hukauka upesi na hayahimili mvua, hayadhuru kiasi hicho. Yaliyo bora ni mafuta ya minyororo yenyewe, tone moja kwa kila rola upande wa ndani, kisha pedali huzungushwa kwa muda, mafuta huachwa yapenye, na mnyororo hufutwa kwa kitambaa kikavu hadi nje yake isichafue mkono. Kufuta ndiko watu wanakokuruka, na kwa nchi ya vumbi ndiko kwenye faida kubwa zaidi.

Baada ya vipimo ilibidi kuamua, na fedha haikuwa ya kutosha kila kitu. Vijana wa bodaboda wanalijua jambo hili vizuri, kwani pikipiki inapochoka hununuliwa seti nzima: cheni pamoja na sproketi ya mbele na ya nyuma. Mwenye baiskeli mwenyewe aliniuliza kama afanye hivyo. Nilimshauri kwamba kwa siku ile, ndiyo, karibu seti nzima ilikuwa imekwisha, lakini asiichukue hiyo kuwa kanuni ya baiskeli yake. Kaseti ya gia 10 ina gharama mara kadhaa ya mnyororo, na mnyororo ukibadilishwa kabla ya kufika kikomo, kaseti moja huweza kupita minyororo miwili hata mitatu bila kuruka. Mwenye kupima mapema hununua kifaa cha bei ndogo mara nyingi na cha bei kubwa mara chache. Mwenye kungoja hadi mnyororo ulie hununua vyote kwa pamoja, tena mara nyingi wakati wa msimu wa wageni, kazi inapokuwa imembana.

Orodha yetu ikawa hivi: kaseti mpya yenye mpangilio uleule wa meno 11 hadi 36, sproketi ya mbele ya meno 24, na magurudumu mawili madogo ya plastiki ya direla ambayo meno yake yalikuwa yamechongoka. Mnyororo haukuwamo katika orodha. Ule wa kwanza alioudhania feki ulikuwa mzima, na wa pili ulikuwa mzima vilevile, kwa kuwa vyote viwili vilitumika kwa muda mfupi mno kuweza kulika. Sproketi ya 38 tuliiacha kwa sababu ilikuwa bado inashika. Vifaa viliagizwa Arusha, na kabla ya kuagiza tulipima matundu ya sproketi ndogo: bolti 4, duara la milimita 64. Kipimo hicho kisipochukuliwa, mtu hupokea sproketi yenye idadi sahihi ya meno lakini isiyofungika kwenye krenki yake.

Kazi yenyewe haina mengi. Nati ya kaseti hufunguliwa kwa soketi yake maalumu huku kaseti ikizuiwa kuzunguka kwa mpini uliofungwa kipande cha mnyororo, na wakati wa kufunga hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 40, ambazo kwa spana ya kawaida ni mkazo wa nguvu wa mkono mmoja. Urefu wa mnyororo mpya ulipatikana kwa kuhesabu pingili za ule wa zamani. Hapa nasisitiza kuhesabu, kwa kuwa mafundi wengi hulaza minyororo miwili sambamba na kukata palipolingana. Mnyororo wa pingili 110 uliochakaa kwa asilimia 1 umerefuka zaidi ya pingili nzima, na anayekata kwa kulinganisha hukosea bila kujua. Mnyororo mpya pia hauhitaji kuoshwa. Grisi unayokuja nayo kutoka kiwandani imekwisha kupenya ndani ya rola na ni bora kuliko chochote tutakachoweka baadaye.

Oili ile chafu ilikuwa imefanya madhara ya pili. Breki ya nyuma ilikuwa inapiga kelele na kushika kwa shida, na kijana alikuwa ameshauriwa aongeze mafuta ya breki ya pikipiki. Nashukuru kwamba hakufanya hivyo. Breki zake ni za aina inayotumia mafuta ya madini, kama zilivyo za Shimano, na mafuta ya DOT yanayouzwa kwa ajili ya pikipiki huvimbisha na kuharibu mipira ya ndani ya breki hizo. Mfumo uliochanganywa hivyo mara nyingi hauokoki. Kiasi cha mafuta ndani ya mfumo kilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa nje, kwani oili iliyorushwa na mnyororo ilikuwa imefika kwenye diski na kunyonywa na pedi.

Diski tuliipima unene kwa vernia, ikasoma milimita 1.65. Diski mpya ya aina hiyo ni milimita 1.8, na kikomo cha 1.5 kimegongwa kwenye chuma chake, kwa hiyo ilibaki. Ilisafishwa kwa spiriti na kitambaa kisichotumika kwa kazi nyingine. Pedi zilikuwa bado na unene mzuri juu ya kikomo cha nusu milimita, na hapo ndipo mwenyewe alipouma meno, maana nilimwambia zitupwe. Pedi za nyuzi zilizokwisha kunywa oili watu huzichoma kwa moto au huzisugua kwa msasa, na zikafanya kazi kwa siku chache, kisha joto la mteremko mrefu huitoa oili iliyobaki ndani. Mtu anayeshuka kutoka Lushoto hadi Mombo, akiwa na wageni nyuma yake na malori yanayopanda mbele yake, hapaswi kujaribu bahati hiyo. Pedi mpya zilizoeshwa diski kwa kufunga breki kidogo kidogo takriban mara 20, kutoka mwendo wa wastani hadi mwendo wa kutembea, bila kulifunga gurudumu kabisa.

Mnyororo ukiwa umetolewa tuliizungusha krenki peke yake, jambo ambalo haliwezekani kulisikia vizuri ukiwa umefungwa. Beringi zilikuwa na ukavu kidogo mkononi lakini krenki haikuwa inacheza kushoto na kulia. Chanzo kilikuwa mashine za maji ya presha za waosha bodaboda, ambazo hupitisha maji kwenye mipira ya kuzuia uchafu na kuyafungia ndani pamoja na mchanga. Tuliziacha zimalize masika, kwa makubaliano kwamba baiskeli itaoshwa kwa ndoo na brashi. Shokapu nazo zilikuwa zinahitaji kufunguliwa sehemu ya chini na kuwekwa mafuta mapya, kazi ambayo RockShox, watengenezaji wa shokapu, wanapendekeza kila baada ya saa 50 za kuendesha. Hiyo nayo ilisubiri mwezi mwingine.

Majaribio tuliyafanya kwenye mpando, akiwa amesimama kwenye pedali katika sproketi zilezile za 15, 17 na 19, kwa sababu baiskeli iliyoning'inizwa haiwezi kuthibitisha lolote kuhusu kuruka kwa mnyororo. Haukuruka. Tangu hapo anapima kwa rula ya chuma mwanzoni mwa kila mwezi na kuandika kwenye daftari la safari zake. Baada ya masika mnyororo ulisoma milimita 306.5, uchakavu wa zaidi kidogo ya nusu ya asilimia, na kaseti haina jino lililopinda. Beringi za krenki zilianza kucheza kama ilivyotarajiwa, zikabadilishwa. Kikombe cha kulia kinachoshikilia beringi hizo kwenye fremu kilifunguliwa kwa kuzungushwa upande wa mshale wa saa, kwa kuwa nyuzi zake zimekatwa kinyume, na huko ndiko fremu nyingi huharibiwa na mafundi wanaokaza wakidhani wanafungua. Mnyororo wa pili utafungwa rula ikisoma 307. Sproketi ya mbele ya meno 38 itakaguliwa siku hiyohiyo, na ikionekana imeanza kupinda itabadilishwa pamoja na mnyororo huo, hata kama bado hairuki.